Mtoro Mwenye Mikia Mitatu

Aliye na glasi ya maji mkononi aiweke chini kwanza, tusije tukalaumiana baadaye.

Kulikuwa na nchi moja, na ingali ipo, ila jina lake silitaji kwa kuwa Wizara ya Majina bado haijajibu barua yangu. Katika nchi hiyo kila kitu kilikuwa na afya njema kwa mujibu wa sheria. Milima ilikuwa na afya. Barabara zilikuwa na afya. Hospitali nazo zilikuwa na afya, ndiyo maana hazikuwa na dawa. Na kwa kuwa serikali ile haikupenda kusema jambo bila kulipima, iliunda Idara ya Afya ya Mito, yenye mkurugenzi mmoja, manaibu kumi na mmoja, madereva sita, gari moja bovu, na mtu mmoja wa kuingia kwenye maji.

Mtu huyo aliitwa Sikudhani Malugu. Cheo chake kwenye barua kilikuwa Mhesabu Wadudu Daraja la Tatu. Wa daraja la kwanza na la pili walikuwepo, ila hawakuwahi kulowa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Sikudhani alivaa gambuti, akaingia mtoni, akasimamisha wavu, kisha akapiga mawe mateke mbele ya wavu ule mpaka waliojificha chini yake wakasombwa na kunaswa. Aliwamwaga kwenye sinia jeupe, akainama, akaangalia nani ni nani. Macho ya mtu yanadanganywa na maji. Yakiwa meupe tu, mtu anakunywa na kushukuru. Mdudu hadanganywi. Yeye amezaliwa humo, anakula humo na kulala humo, na siku maji yakiharibika hana pa kwenda kulalamika. Anakufa, au anahama.

Basi kila aina ilikuwa na pointi zake. Aliyedeka kuliko wote ni mdudu mmoja bapa, mwenye mikia miwili, wa kujibana chini ya mawe. Huyo, uchafu ukipita tu mbele ya mlango wake, keshaaga dunia. Alipewa kumi. Mwenzake wa mikia mitatu, tisa. Mtoto wa kereng'ende, saba. Kaa, sita. Ukiteremka mpaka chini kabisa unamkuta ruba, mbili, na mnyoo mwekundu, moja. Hao wawili hata ukiwamwagia mafuta ya taa watauliza kama yapo mengine. Unajumlisha pointi za aina ulizozikuta, unagawa kwa idadi ya aina, na hapo mto umeshasema wenyewe.

Sheria ya nchi ile ilikuwa fupi na tamu. Maji yakipata chini ya tano, yanafungwa kwa kufuli, na wananchi wanaletewa maji kwa boza, lile lori la tangi, kutoka kwenye chanzo kilicho karibu chenye pointi nyingi kuliko vyote. Sheria nzuri kabisa. Aliyeiandika alifukuzwa kazi mwaka uleule.

* * *

Kwa mwezi wa tatu mfululizo Sikudhani alikuwa amesimama katika Mto Fanaka, chini kidogo ya kiwanda cha ngozi. Kiwanda kile mwenyewe hajulikani, ingawa picha yake imetundikwa katika kila ofisi ya umma. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya juzi, na harufu yake ilikuwa haizoeleki hata kwa wazaliwa wa pale.

"Dada, leo umepata nani?" aliuliza mdogo wake, Zamda, kutoka ukingoni. Zamda aliishi hapohapo, kijiji cha Mabondeni, na mgongoni alikuwa amembeba binti yake Tunu, mwenye umri wa miaka miwili.

"Minyoo na ruba."

"Mwezi uliopita je?"

"Minyoo na ruba."

"Angalau hawajaachana. Mimi mume wangu hakufika hata huko."

Sikudhani alicheka, kisha akamtazama Tunu, kicheko kikamkatika. Upele mwekundu ulikuwa umeuzunguka mdomo wa mtoto, mahali pote palipoguswa na kikombe. Tumbo lilikuwa linamwendesha kwa wiki ya tatu. Mtoto aliyekuwa akikimbiza kuku sasa alikuwa anawatazama tu, nao kuku walishajua, wakawa wanapita mbele yake kwa madaha.

"Moja na nusu," Sikudhani alisema, akiandika kwenye kadi. "Chini ya tano, mdogo wangu. Nikiifikisha hii mjini, keshokutwa boza liko hapa. Tunu atakunywa maji ya watu."

"Ndivyo ulivyosema mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita mhuri ulikuwa likizo."

"Na mwezi ule mwingine?"

"Mhuri ulikuwepo, wino ndio ulikuwa semina."

Zamda alimpandisha mtoto mgongoni, akakaza kanga. "Haya dada. Wasalimie wote, mhuri na wino. Waambie mtoto wa Zamda ana uzito wa paka."

* * *

Mkurugenzi wa Idara aliitwa Dakta Fulgensi Kachenje. Udaktari wake ulikuwa wa heshima. Alitunukiwa na chuo kimoja kilichofungwa siku iliyofuata. Alipokea kadi kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota nepi chafu ya mtoto.

"Sikudhani, mwanangu, hii ni nini?"

"Kadi ya Mto Fanaka, bosi. Moja na nusu."

"Mto una jina la Fanaka, wewe unaupa moja na nusu. Jina lile unajua lilitolewa na nani?"

"Najua, bosi."

"Basi isome tena, polepole, ukijua." Alisubiri. "Imebaki moja na nusu?"

"Imebaki, bosi. Naomba boza. Kuna watoto wanaumwa."

Dakta Kachenje alikunywa maji ya chupa, chupa iliyotoka nchi jirani ambayo kila siku redio ya taifa ilieleza kuwa haina maji. "Hebu tuende kitaalamu. Huyu wa mikia miwili yuko wapi?"

"Hayupo."

"Wa mikia mitatu?"

"Hayupo."

"Kereng'ende? Kaa?"

"Hawapo, bosi."

"Hawapo kwa ruhusa ya nani?"

"Wamekufa, bosi, au wamehama. Maji ya kiwanda..."

"Kiwanda hakipo kwenye fomu. Usiniletee kitu ambacho hakipo kwenye fomu. Nijibu hili: mtumishi asipoonekana kwenye kituo chake cha kazi siku tano bila taarifa anaitwaje?"

"Mtoro."

"Kumbe unajua! Sasa mto una kosa gani? Unataka tuuadhibu mto kwa utoro wa watumishi wake?"

Siku ileile likafunguliwa faili, nene, la rangi ya waridi: UTORO WA WADUDU, MTO FANAKA. Barua za wito zikabandikwa kwenye miti ya ukingoni, kwa kimo cha chini ili walengwa wazisome bila shida. Watoro wakapewa siku saba. Siku ya saba Waziri wa Maji, Mheshimiwa Pantaleo Mbegani, akaja mwenyewe na msafara wa magari tisa, akasimama darajani na kipaza sauti, leso puani.

"Ndugu wadudu!" alinguruma. "Serikali yenu haina ugomvi nanyi! Imewapa mto, imewapa mawe, imewapa na jina zuri la kuishi nalo. Mnataka nini tena? Wenzenu minyoo wamebaki. Wenzenu ruba wamebaki. Wao hawana pua? Rudini! Atakayerudi leo kabla ya saa kumi hataulizwa alikuwa wapi!"

Wananchi wakapiga makofi. Mabaunsa wakatazama majini. Hakutokea yeyote isipokuwa mbu, na hao hawakuwa kwenye orodha.

Pembeni ya umati, Zamda alimvuta Sikudhani mkono. "Dada, boza linakuja au tunasubiri kwanza wadudu wafikishwe mahakamani?"

Sikudhani alimgeukia mtoto. Alimgusa Tunu paji la uso. Lilikuwa la moto.

"Funga mizigo," alisema. "Mnahamia Ngelewa."

* * *

Ngelewa ni kijiji cha juu mlimani, mwendo wa nusu siku kwa miguu, na huko ndiko alikoishi shangazi yao, Bi Mwanahawa. Alikuwa mjane mwenye ulimi mrefu na chumba kimoja cha ziada. Chini ya jabali la kijiji ilitoka chemchemi. Wanakijiji walikuwa wameijengea kisima kidogo cha mawe na bomba moja lenye koki, na maji yaliyozidi yalifurika, yakashuka kwenye kijito chenye kokoto.

"Karibuni," alisema Bi Mwanahawa. "Mbona mtoto kawa mkavu hivi? Mlikuwa mnamwanika?"

Sikudhani alipoyaona maji yale hakusubiri hata chai. Alivua viatu, akainua jiwe moja, akaligeuza. Chini yake, mdudu wa mikia miwili alikuwa amejibana, bapa, rangi ya udongo, akimkasirikia kwa kumfungulia nyumba. Jiwe la pili, watatu wa mikia mitatu walikuwa wakitikisa mikia yao kama wanaopeperusha kanga. Alilia. Ndiyo, mtu mzima mwenye cheti cha serikali alilia kwa kuona wadudu. Naomba usimcheke, wewe hujui alikuwa amewatafuta miezi mingapi.

Wiki mbili baadaye upele wa Tunu ulikuwa umekauka. Wiki ya nne alimkimbiza jogoo wa Bi Mwanahawa mpaka jogoo akapanda paa na kukataa kushuka.

"Maji haya, dada," alisema Zamda, akikinga kiganja chini ya koki. "Hata sijui nimshukuru nani."

"Mshukuru huyu," Sikudhani alisema, akimwonyesha Mikia Mitatu aliyekaa kwenye ncha ya kidole chake. "Huyu akiwepo, lala usingizi."

Kumbuka maneno hayo, kwa maana Zamda aliyakumbuka.

* * *

Huko mjini, faili la waridi lilikuwa limekua. Iliundwa Tume. Tume ilikaa hotelini miezi miwili ikiwa na mkusanyo wa wadudu wa mpira, na ilipotoka ilikuwa na jawabu.

"Tatizo," alisema Mheshimiwa Waziri redioni, "halikuwa mto. Tatizo lilikuwa jedwali! Jedwali la kikoloni, ndugu wananchi! Mdudu anayekimbia nchi yake kwa tatizo dogo, huyo ndiye linampa kumi. Mdudu anayevumilia, anayekaza moyo, anayebaki na sisi katika shida na raha, linampa moja! Huo ni uzalendo? Ni lini mmemwona mnyoo mwekundu akiikimbia nchi hii?"

Kwa hiyo jedwali likapinduliwa. Mnyoo mwekundu, kumi. Ruba, tisa. Kaa akashuka akawa na tano, kereng'ende nne, Mikia Mitatu mbili, na Mikia Miwili, yule wa kudeka, akapewa moja, pamoja na onyo. Mto Fanaka ulihesabiwa upya mbele ya bendi ya polisi, ukapata tisa na nusu, ukawa mto wenye afya kuliko yote katika wilaya. Mnyoo mmoja alivishwa nishani. Nishani ilikuwa nzito kuliko yeye, akafa papo hapo, akazikwa kwa heshima zote.

Sikudhani aliyacheka yote hayo. Mtoto alikuwa Ngelewa, mbali na ujinga ule, na mtu ambaye wake yuko salama anaweza kucheka sana. Hata alipopewa barua ya kwenda kuhesabu vyanzo vyote vya wilaya kwa jedwali jipya, alifurahia tu kwamba safari itampitisha kwa Tunu.

Kanuni mpya ilidai shahidi. Ngelewa shahidi alikuwa mtendaji wa kijiji, Bwana Sudi Nyamka, mtu mpole, mwenye mwandiko mzuri, ambaye hajawahi kuuliza swali tangu aapishwe. Mhesabu anataja, shahidi anaandika, nakala tatu.

Watu walikusanyika. Tunu alikuwepo, na mashavu yake mapya. Sikudhani alimwaga wavu kwenye sinia jeupe, na majivuno yakampanda kichwani.

"Sogeeni mwone maji yenu!" alisema kwa sauti. "Huyu hapa Mikia Miwili! Mtendaji, andika! Katika wilaya nzima yuko kwenu tu!"

"Nimeandika."

"Mikia Mitatu! Mmoja, wawili... andika! Mtoto wa kereng'ende, tazameni alivyo na hasira! Na kaa huyu, jamani, kama mwenyekiti wa kikao!"

Watu walishangilia. Bi Mwanahawa alipiga kigelegele. Mtendaji aliandika kwa mwandiko wake mzuri, akalitoa jedwali jipya mfukoni, akalikunjua.

"Moja," alisoma. "Na mbili. Na nne. Na tano. Jumla kumi na mbili. Aina nne. Kumi na mbili kugawa kwa nne..."

Hapo ndipo Sikudhani alipokumbuka ni jedwali gani linalotumika.

"Tatu," alisema Mtendaji kwa huzuni ya kweli. "Pole sana. Sikujua kama maji yetu yanaumwa kiasi hiki."

"Mtendaji, subiri. Baba, nakuomba. Usigonge mhuri."

"Nimeshagonga, mwanangu. Nakala tatu."

* * *

Kufuli lilifika kesho yake. Hakuna kitu kilichowahi kufika kesho yake katika nchi ile, lakini kufuli lilifika, jipya, likiwa bado na mafuta ya kiwandani. Koki ikafungwa, na kijito kikazungushiwa seng'enge na bango: HATARI! MAJI YASIYO NA UZALENDO.

Na keshokutwa yake, boza likaja.

Ndiyo, boza lilelile ambalo Sikudhani alilililia miezi mitatu. Jeupe, zuri, limeandikwa ubavuni MAJI NI UHAI. Lilipanda mlima likinguruma, likasimama mbele ya nyumba ya Bi Mwanahawa. Dereva alishuka na karatasi ya idhini, na chini ya karatasi hiyo kulikuwa na jina la mhesabu: S. Malugu.

"Umeyachota wapi?" Sikudhani aliuliza, ingawa harufu ilishamjibu.

"Chanzo chenye afya kuliko vyote, dada," alisema dereva kwa fahari. "Fanaka, pale chini ya kiwanda. Tisa na nusu! Mna bahati."

"Wewe unayanywa?"

"Mimi? Mimi dereva tu."

Walijaribu kukinga mvua, ila mvua ya nchi ile nayo ilikuwa likizo. Walijaribu kutambaa chini ya seng'enge, mlinzi akawakamata wanawake watatu kwa kosa la kunywa. Siku ya nne Zamda alichemsha maji ya boza mara mbili, akayachuja kwa kanga, akampa Tunu, kwa sababu mtoto anayelia kiu hasubiri Tume nyingine. Siku ya saba upele ulirudi. Siku ya kumi Tunu hakuinuka mkekani, na jogoo alishuka kwenye paa, akaja kusimama karibu naye, akamwangalia.

Sikudhani alishuka mjini akikimbia.

"Bosi, nilikosea. Ngelewa nilikosea. Naomba kadi ifutwe."

"Kadi haifutwi," alisema Dakta Kachenje. "Kadi inapitwa na kadi nyingine. Ukienda ukahesabu tena mbele ya shahidi ukakuta wazalendo, kufuli linatoka. Kama hawapo, hawapo." Akamtazama juu ya miwani. "Mbona unatetemeka? Kunywa maji."

"Ya wapi, bosi?"

"Ya chupa, mtoto wewe. Unadhani nataka ufe ofisini kwangu?"

* * *

Mtu aliyesomea hesabu anaweza kukata tamaa kwa nukta. Usiku kucha... la, ngoja, haikuwa usiku. Ilikuwa saa tano asubuhi, ukingoni mwa Mto Fanaka, na Sikudhani alikuwa anapiga hesabu juu ya mchanga kwa kijiti. Aina nne za Ngelewa, kumi na mbili. Akiongeza mnyoo mwekundu, ishirini na mbili kwa tano: nne na nukta nne. Haitoshi. Akiongeza na ruba, thelathini na moja kwa sita: tano na nukta moja saba.

Tano na nukta moja saba. Tunu alikuwa amening'inia kwenye nukta ile.

Minyoo aliitia kwenye chupa ya chai, ishirini hivi, akafunga kifuniko. Ruba alikuwa ameshajipatia nafasi mwenyewe: alikuwa ameng'ata muundi wa mguu wake, amenenepa, ametulia. Sikudhani aliinua mkono amng'oe, akausitisha. Akavaa gambuti juu yake.

"Twende zetu," alimwambia. "Leo wewe ni mkubwa kuliko Waziri."

Alipanda mlima nusu siku, huku akinyonywa. Mbele ya Mtendaji alipiga mawe mateke, na alipoinama juu ya sinia jeupe, kiganja chake kikafunguka kidogo pembeni. Miaka tisa ya kazi hakuwahi kuongeza hata kiwavi.

"Mnyoo mwekundu," alisema kwa sauti ya mtu anayetaja maiti. "Ruba."

"Kumbe walikuwepo!" Mtendaji aliangaza uso. "Siku ile walikuwa wamejificha, eti?"

"Walikuwa na haya."

Mhuri ukagongwa. Tano na nukta moja saba. Kufuli likatoka, seng'enge ikakunjwa, na boza likateremka mlima bila kuaga. Sikudhani alikusanya minyoo yake yote kwa kibano, mmoja mmoja, akiihesabu mara tatu, akaitia chumvi nyuma ya choo cha shangazi. Ruba naye akapata chumvi yake. Maji yakabaki yalivyo.

"Umefanyaje?" Zamda alimnong'oneza, Tunu akiwa kwapani ananyonya kikombe cha maji ya chemchemi kana kwamba ni ziwa la mama.

Na Sikudhani, kwa uchovu, na kwa furaha, na kwa sababu mtu hawezi kubeba jambo kama lile peke yake, akamweleza. Akamweleza yote. Minyoo, ruba, jedwali, na nukta moja saba.

"Kwa hiyo ni kidogo tu?" aliuliza Zamda. "Tano na kidogo tu?"

"Kidogo kinatosha, mdogo wangu."

Zamda aliangalia koki.

* * *

Miezi mitatu baadaye Dakta Kachenje alimwita Sikudhani akiwa anatabasamu kwa meno yote, yakiwemo ya kununua.

"Ngelewa wameandika barua. Wanaomba kuhesabiwa kabla ya zamu yao! Umewahi kuona wapi wananchi wanaomba kuhesabiwa? Hiyo ndiyo elimu kwa umma. Nenda."

Sikudhani alipanda na chupa ya chai begani, minyoo ndani, na ruba mwingine mguuni, kama alivyojiandaa. Alipokaribia kijiji alisikia vigelegele. Akakunja kona ya jabali.

Wanawake wa Ngelewa walikuwa wamejipanga mstari mrefu kutoka njia ya bondeni hadi kwenye chemchemi, wakipokezana ndoo. Ndoo zilijaa tope jeusi, na tope lilikuwa na harufu ambayo Sikudhani angeitambua hata akiwa kaburini. Ndoo ya mwisho ilikuwa ya Zamda. Aliiinua mpaka kifuani, akaimwaga kisimani, na maji yakageuka rangi ya chai ya juzi.

"Dada!" Zamda alimwona, akamkimbilia, mikono yote tope. "Umefika! Tumekusaidia kazi! Mara saba tumeshuka Fanaka, mara saba! Tumewachota minyoo na ruba pamoja na tope lao ili wasijione wageni. Wamezaana, dada! Njoo uone wekundu wao!"

"Zamda." Sikudhani aliishusha chupa ya chai chini. "Zamda, mmefanya nini?"

"Uliniambia tano na kidogo. Hicho kidogo ndicho kilichoninyima raha. Ukiumwa siku ya kuhesabu je? Ukihamishwa je? Likirudi lile boza?" Zamda alifuta jasho, akaacha mstari mweusi kwenye paji la uso. "Sasa hatuhitaji nukta. Kufuli halirudi tena hapa."

"Na mnakunywa nini?"

Zamda alitazama kando kidogo. "Tunachota asubuhi kabla hayajatibuka. Tunachuja."

Tunu alikuwa amekaa kwenye jiwe kando ya koki, kikombe mkononi. Mdomo wake ulikuwa mwekundu pande zote. Jogoo alipita mbele yake kwa madaha.

"Ni upele tu," alisema Zamda haraka. "Upele si boza, dada. Upele tunauweza."

Mtendaji Nyamka alishafika na fomu zake, suti imenyooshwa. Sikudhani hakujua afanye nini na mikono yake, na kwa kuwa ilikuwa imezoea, ikafanya kazi. Wavu. Mateke. Sinia jeupe.

"Mnyoo mwekundu," alisema.

"Kumi," alisema Mtendaji.

"Ruba."

"Tisa."

Kilio cha furaha kilianza kupanda. Sikudhani hakukisikia. Aliinua jiwe lililobaki karibu na mdomo wa chemchemi, pale ambapo maji yalitoka mwambani yakiwa bado hayajakutana na mtu, akaligeuza. Mikia Mitatu mmoja alikuwepo. Mdogo, amepauka, mkia mmoja umekatika, miwili iliyobaki ikitikisika taratibu. Amekataa kuhama.

Zamda aliinama kando yake, bega kwa bega, akamwona. Alimtambua, alikuwa amefundishwa vizuri.

"Huyu anatushusha," alimnong'oneza dada yake. "Yeye peke yake anatutoa tisa na nusu hadi saba."

Kabla Sikudhani hajafungua mdomo, Zamda alimchukua yule mdudu kwa ncha ya kidole, kwa upole, kama anavyomtoa Tunu tongotongo, akamtupa majanini.

"Andika, Mtendaji," alisema. "Hakuna mwingine."